Shahidi Akikana Ushahidi Wake Baada ya Hukumu ya Kifo, Aaminiwe Lini? Mjadala Kuhusu Kesi ya Troy Davis

Mtoa hoja:

Ndugu wachangiaji, naomba tuijadili kesi ambayo kwa wengi ilikwisha saa 5:08 usiku wa tarehe 21 Septemba 2011, Troy Davis alipofariki kwa sindano ya sumu katika gereza la Jackson, jimbo la Georgia, Marekani. Davis alihukumiwa kifo mwaka 1991 kwa kumuua Mark MacPhail, askari polisi wa miaka 27 ambaye usiku wa kuamkia tarehe 19 Agosti 1989 hakuwa zamu, bali alikuwa kwenye kibarua cha ulinzi katika mgahawa mmoja mjini Savannah, akapigwa risasi alipokimbia kumwokoa mtu asiye na makazi aliyekuwa akishambuliwa kwenye maegesho ya magari. Akiwa amekwisha kufungwa mikanda kitandani, Davis aliiambia familia ya marehemu kwamba si yeye aliyemuua ndugu yao.

Bunduki iliyotumika haikupatikana kamwe, na hapakuwa na kipimo chochote cha DNA kilichomuunganisha na mauaji. Kesi ilisimama hasa juu ya maneno ya mashahidi, na kati ya mashahidi tisa muhimu ambao hawakuwa polisi, saba baadaye walikana au kubadili waliyoyasema, baadhi yao wakieleza kwamba polisi waliwabana. Mmoja alisema alitia sahihi maelezo yaliyoandikwa na polisi bila kuyasoma, kwa kuwa hajui kusoma. Kati ya wawili waliobaki na msimamo wao, mmoja ni yule aliyetangulia kwenda polisi akiwa na wakili ili kumtaja Davis, na ambaye upande wa utetezi ulimshuku yeye mwenyewe, ingawa alikana na hakushtakiwa.

Hoja yangu ni kwamba neno la shahidi lililotosha kumpeleka mtu kwenye kifo linapaswa, likigeuzwa na shahidi yuleyule, kutosha walau kuirudisha kesi mbele ya baraza jipya la wazee wa mahakama, yaani raia ambao Marekani ndio wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Georgia ililikataa jambo hilo kwa majaji wanne dhidi ya watatu, ikishikilia kanuni kwamba kukana hakusaidii kitu mpaka ionekane wazi kuwa ushahidi wa awali ulikuwa uongo mtupu. Je, kanuni hiyo ni ya haki?

Mchangiaji wa kwanza:

Nakushukuru, mtoa hoja, lakini umeusimulia upande mmoja. MacPhail aliacha mjane na watoto wawili wadogo, ambao kwa zaidi ya miaka 20 waliitwa kila mara kurudi kwenye kikao kingine. Wazee 12 wa mahakama, saba kati yao wakiwa Wamarekani weusi kama Davis mwenyewe, waliwaona mashahidi kwa macho yao wakihojiwa na pande zote mbili, miaka miwili tu baada ya tukio. Hati ya kiapo ya kukana huandikwa na mtu mwenye kesi ya kutetea, miaka mingi baadaye, na hakuna wa upande wa pili anayemuuliza shahidi swali hata moja.

Isitoshe, Davis hakunyimwa nafasi. Mwezi Agosti 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ilichukua hatua ambayo haikuwa imeichukua kwa karibu nusu karne, ikaagiza jaji wa mahakama ya shirikisho asikilize ushahidi wa kutokuwa na hatia. Jaji William Moore alisikiliza kwa siku mbili, Juni 2010, mjini Savannah kwenyewe. Mawakili wa Davis walifanya nini? Shahidi mmoja aliyekana walimwacha nje ya chumba cha mahakama bila kumwita, na yule wanayemshuku hawakuhakikisha anafika ahojiwe. Jaji aliandika hukumu ya kurasa zaidi ya 170 na kusema kwamba sehemu kubwa ya ushahidi huo mpya ni kiinimacho. Mimi, nikiisoma hukumu hiyo, sioni jaji aliyekuwa na haraka.

Mchangiaji wa pili:

Nami niliisoma, na kuna mahali nilipokwama. Upande wa mashtaka ulimleta mahabusu mmoja aliyedai kwamba Davis alikiri kwake walipokuwa kizuizini. Baadaye alikana, na Jaji Moore alikubali kwamba kukana kwake ni kwa kweli. Ila akasema hakuna uzito, kwa sababu uongo wa mtu huyo ulikuwa dhahiri tangu mwaka 1991. Kama ulikuwa dhahiri kiasi hicho, kwa nini serikali ilimsimamisha kizimbani? Wazee wa mahakama hawakuambiwa kwamba huyu si wa kuaminiwa. Waliletewa kama shahidi kati ya mashahidi.

Jambo jingine: anayekana kiapo chake anajihatarisha kushtakiwa kwa kusema uongo mahakamani. Sisemi kwamba hatari hiyo inamfanya awe mkweli, kwani huenda pia majirani wamemsumbua mpaka akachoka. Nasema tu kwamba si jambo la kutamkwa ovyo.

Mtoa hoja:

Kuhusu mawakili, mchangiaji wa kwanza, sina utetezi. Kumwacha shahidi nje ya mlango lilikuwa kosa kubwa, na aliyelilipia ni mteja wao.

Lakini tazama mizani iliyotumika. Mwaka 1991 serikali ilitakiwa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka ya maana. Mwaka 2010 mzigo ulihamia kwa mfungwa: yeye ndiye aliyetakiwa kuonyesha, kwa ushahidi ulio wazi na wenye kushawishi, kwamba hakuna mzee wa mahakama mwenye busara ambaye angemtia hatiani. Mtu anaweza kushindwa mtihani huo wa pili huku ushahidi dhidi yake umechakaa kiasi kwamba usingemtia hatiani katika ule wa kwanza. Hilo halihusu ukweli wa nani alifyatua risasi. Linahusu tu nani alichelewa kusema.

Sasa ongeza na hili. Mwezi Julai 2007 Bodi ya Msamaha na Parole (kuachiliwa kwa masharti) ya Georgia, ilipoahirisha kifo cha Davis, ilitamka kwamba haitaruhusu mtu auawe mpaka wajumbe wake waridhike kuwa hapana shaka juu ya hatia yake. Tarehe 20 Septemba 2011 bodi hiyohiyo ilimnyima msamaha. Utaniambia kwamba katikati hapo Jaji Moore alikuwa ameiondoa shaka. Lakini Jaji Moore mwenyewe aliandika kwamba huenda kesi ya serikali si imara kwa kila hali, ila wengi wa wazee wa mahakama wenye busara wangemtia Davis hatiani tena. Wengi, alisema. Katika Georgia, kumtia mtu hatiani kwa mauaji kunahitaji wazee wote 12.