Simu imegoma patani yangu, kila fundi ananitajia loki yake. Nianzie wapi?

Dada Vitenge, Morogoro
Jumatatu, saa 3 asubuhi

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kabla sijamkabidhi mtu simu yangu akaimalizia kabisa.

Ni Samsung Galaxy A14, niliinunua Kariakoo, inaingia mwaka wa pili. Juzi Jumamosi tulikuwa na sendofu ya mdogo wangu hapa Kihonda. Kwenye chumba tulichokuwa tunavalia, mawifi wakawa wanaipokezana kupiga picha, na mmoja namjua vizuri: akishika simu ya mtu anakwenda kusoma meseji za mwaka juzi. Nikabadilisha patani palepale, mkono wa pili umeshika sahani ya pilau. Usiku kucha nikawa nafungua kwa kidole tu. Jumapili asubuhi simu imezima, chaji imeisha. Nimeichaji, nimewasha, inasema niweke patani kwanza, kidole haikitaki. Na patani imenitoka kichwani. Nakumbuka ilianzia juu kushoto, basi.

Fundi mmoja Msamvu anataka elfu ishirini, anasema anaiflashi na hakuna kitakachopotea. Wa sokoni anasema hiyo ni FRP, lazima nipoteze kila kitu. Jirani yangu naye anasema nipige simu mtandao niombe PUK. Watu watatu, loki tatu!

Kilichonikalia kooni ni wateja wangu wa mkopo. Wako 31, nani kachukua doti ngapi na kalipa ngapi nimeandika kwenye noti za simu. Daftari niliacha mwezi wa pili nikijiona nimeendelea. Na hela yangu ya M-Pesa je, imo humo humo?

mpita_njia

Mpe huyo wa Msamvu elfu ishirini yake uendelee na biashara, dada. Siku hizi loki zinatolewa dakika tano.

Fundi wa Aggrey

Pole dada. Usimpe mtu simu leo. Niko Mtaa wa Aggrey mwaka wa kumi na moja, meza yangu imehamishwa mara nne lakini kazi ni ileile, na nusu ya wanaonijia wanakuja na tatizo la pili ambalo fundi wa kwanza amewatengenezea.

Tuanze na hela ili upumue. Hela haikai kwenye simu, iko kwa mtandao. Chomoa laini, weka kwenye kiswaswadu chochote, piga menyu, salio utaliona. Namba ya siri ya M-Pesa haijuani kabisa na patani yako. PUK ya jirani yako ni habari ya laini pia: mtu ameweka pini kwenye laini, akaikosea mara tatu, laini ikajifunga. Hapo unapiga 100 unathibitisha wewe ni nani, unapewa PUK. Hiyo nayo ukiikosea mara kumi laini imekufa, unakwenda kurudishiwa nyingine kwa NIDA yako. Wewe laini yako ni nzima, jirani mwache.

Sasa patani. Kidole na sura ni njia za mkato tu, mwenye nyumba ni patani, pini au nywila. Simu ikizimwa ikawashwa inamtaka mwenye nyumba kwanza, ndiyo maana kidole kimekataliwa. Haijaharibika.

Huyo wa Msamvu anakuuzia maneno ya zamani. Enzi za Android 4 ukikosea patani mara tano yalitokea maandishi ya kuuliza kama umesahau, unaweka Gmail na nywila, unaingia, kila kitu unakikuta. Njia hiyo iliondolewa. Kwenye simu kama yako vilivyomo ndani vimevurugwa kwa hesabu, na patani ni sehemu ya ufunguo wa kuvipanga upya. Ukiiflashi, yaani ukiiwekea programu upya, unapata simu inayowaka, lakini ufunguo umeutupa. Mwenzangu akikwambia anatoa patani ya A14 na noti zako zinabaki, muulize akikosea anakulipa nini. Atakuambia aende kwanza kula.

FRP nayo, loki ya Google ya simu iliyofutwa, bado hujaifikia. Ilikuja na Android 5.1 mwaka 2015, kwa ajili ya wezi. Simu ikifutwa kwa vitufe, bila mwenyewe kuingia kwenye mipangilio, ikiwaka inadai Gmail iliyokuwemo mwanzo au ile patani ya zamani. Huna, hupiti. Kwa hiyo wa sokoni kakosea jina ila kanusa kinachokuja: akiifuta leo, kesho ndiyo utakuwa na FRP, na hapo bei inapanda.

Swali langu ni hili, nijibu kabla hujafanya lolote. Gmail iliyomo kwenye hiyo simu ni ipi, na nywila yake unaijua?

Halafu jingine: kioo umeshakifuta? Kama bado, zima simu, iinamishe usawa wa taa, uone mafuta ya kidole yamepita wapi. Patani ziko 389,112, na kila ukikosea kosea simu inakuweka muda mrefu zaidi, lakini ukijua mwanzo na kona mbili zinabaki chache.

Dada Vitenge

Kaka fundi ahsante sana. Hela nimeiona, nimelala.

Kioo nilikifuta Jumapili hiyohiyo kwa kanga, tena kwa nguvu, maana kilikuwa kimejaa mafuta ya pilau. Sasa ndiyo najua nilikuwa nafuta ufunguo.

Gmail siijui. Siku nanunua, kijana wa dukani aliniambia "mama, nikutengenezee kabisa?" nikasema ndiyo, akabonyeza bonyeza dakika mbili, akanipa simu inafanya kazi. Sijawahi kuulizwa tena.

Fundi wa Aggrey

Nilijua. Hiyo ndiyo loki yenyewe, dada. Uliwekewa siku ya kwanza na ukasema ahsante.

Nina mzee mmoja wa Mkuranga alinijia na simu ya aina hiyo. Gmail aliyofunguliwa dukani, kijana aliyemfungulia ameshaacha kazi, duka lenyewe sasa linauza mabegi. Simu nzima, kioo kizima, chaji inakaa siku mbili. Mpaka leo iko kwenye droo yangu, ameniachia niitoe spea.

Tafuta boksi la simu. Vijana wengi huandika Gmail kwa kalamu chini ya mfuniko au nyuma ya karatasi ya waranti, maana wanajua mtarudi.

Mkaka wa Kilifi

Samahani kuingilia, dada. Mimi nilinunua simu ya mtumba Mombasa, nikaitumia wiki tatu vizuri, kisha siku moja ikaamka na ujumbe kwenye kioo ati nilipe deni la siku. Deni si langu! Nimeifomati mara mbili, ikishika intaneti tu inajifunga tena. Hii nayo ni FRP?

Fundi wa Aggrey

Hapana ndugu yangu, hiyo ni loki ya mkopo. Aliyekuuzia aliichukua kwa kulipa kidogo kidogo, akaishia njiani. Kampuni inaitambua simu kwa IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kwa hiyo kufomati ni sawa na kubadilisha shati, sura inabaki. Atakayekuambia anabadilisha IMEI mkimbie. Kwetu Tanzania hilo ni kosa la jinai kwa sheria ya mawasiliano ya 2010. Mtafute muuzaji wako alipe, au ukalipe mwenyewe deni lililobaki ikiwa bado inakulipa.

Siku nyingine ukinunua mtumba, mwambie muuzaji aifute kwa kupitia mipangilio, mbele yako, kisha iwashwe mpaka iweke kioo cha mwanzo ikiwa kwenye intaneti. Dakika kumi. Akisema ana haraka, na wewe uwe na haraka.

bint_bagamoyo

Na iPhone je? Binamu yangu aliyeko Muscat kanitumia, kaifuta kabisa, lakini ikiwaka inataka akaunti yake.

Fundi wa Aggrey

Rahisi kuliko zote, kama binamu anapatikana. Aingie iCloud hukohuko Muscat aiondoe simu kwenye orodha ya vifaa vyake, wewe uwashe upya. Kama hapatikani, hakuna fundi, tangu 2013 ni hivyo. Wanaosema wanatoa wanakupa simu isiyopiga simu.

Dada Vitenge
Jumamosi, saa 2 usiku

Nimerudi kutoa mrejesho, maana wengine huwa hamrudi.

Boksi nilikuwa nimelifanya la vifungo na zipu. Nikamwaga vyote mkekani, chini ya mfuniko kweli kuna Gmail kwa kalamu ya bluu. Mbele yake kaandika "mamamorogoro" na namba. Siku ile nilimwambia natoka Morogoro, basi akaniandikisha hivyohivyo kama mzigo wa basi.

Nywila hakuandika. Nikajaribu kuirudisha kwa simu ya mdogo wangu, Google ikasema inatuma tarakimu kwenye namba inayoishia na 47. Mimi sina namba ya 47. Nikatafuta risiti, namba ya duka inaishia na 47. Kaka fundi ulikuwa umelala, nikampigia kijana wa duka mwenyewe. Kapokea kwa heshima zote, "shikamoo mama," akanisomea tarakimu, nikabadilisha nywila. Hata kuuliza kwa nini hakuuliza, inaonekana kazoea.

Nilipoingia nikakuta majina yote ya wateja yamo, na picha mpaka za mwezi uliopita. Noti hazimo.

Fundi wa Aggrey

Dada, namshukuru kijana lakini fikiria: muda wote huu mtu wa dukani alikuwa na uwezo wa kuingia kwenye Gmail yako wakati wowote anaotaka. Hiyo namba ya 47 umeiondoa? Kama bado, iondoe sasa hivi, weka yako, kisha ndiyo uendelee kusoma. Na safari nyingine tarakimu zikitumwa usimsomee mtu na usimwombe mtu, hii ilikuwa dharura.

Umeshabadilisha nywila, sasa subiri saa 24 kabla ya kuifuta simu, ukiharakisha inaweza kukukatalia hata hiyo nywila sahihi. Kisha izime, ichomeke waya kwenye kompyuta, shika kitufe cha kuongeza sauti pamoja na cha kuwashia; bila waya Samsung za siku hizi haziingii kwenye hiyo menyu. Teua kufuta data. Ikiwaka itadai Gmail. Utampa "mamamorogoro" wake.

Noti zimekwenda, sitakudanganya. Zilikuwa zinakaa kwenye simu tu. WhatsApp weka namba ileile na Gmail ileile, ikikuuliza kurejesha chelezo, yaani nakala ya meseji iliyohifadhiwa, kubali, usiruke.

Dada Vitenge
Jumatatu, saa 5 usiku

Namba ya 47 nimeitoa. Simu imefunguka leo saa kumi, WhatsApp imerudi mpaka tarehe 3. Kwenye meseji nimeokota madeni 19, maana kila anayelipa huwa namwandikia "nimepokea".

Waliobaki 12 nimeanza kuwapigia mmoja mmoja. Mama wa Mazimbu kasema mwenyewe, bila kuuliza, "mimi nadaiwa arobaini na tano, mwanangu, usinisahau." Yule wifi wa Jumamosi, aliyenifanya nibadilishe patani, anasema alishamaliza kulipa. Doti tatu.

Daftari jipya nimenunua, shilingi elfu mbili. Badala ya patani nimeweka pini.

mpita_njia

Kwa hiyo wa Msamvu elfu ishirini yake hakuipata.

Dada Vitenge

Kaka, alinipigia leo mchana. Anauliza kama nina simu nyingine.