Turubai la tuktuk: boganvilia au simbamarara?

Mpiga Honi wa Majengo:
Assalamu alaikum jamani. Nimeweka turubai jipya nyuma ya tuktuk, jeusi tititi, na mchoraji ananingoja Jumamosi. Mke wangu ataka boganvilia, kama ile ya rangi ya waridi iliyoangukia ukuta wa jirani. Mimi nataka simbamarara. Picha ni moja tu, pesa za mbili sina. Nishaurini. Na asiniambie mtu nichore meli, Mombasa nzima ina meli.

Binti Kuze:
Kaka, mfuate mkeo upate kula kwa amani. Ila mchoraji ajue kwamba ile rangi ya waridi siyo ua. Ni majani matatu yaliyojitia urembo. Ua lenyewe ni kale keupe kembamba katikati. Na miiba asiisahau. Ninayo uani, nikiimwagilia sana hunipa majani matupu, nikiisahau kidogo wakati wa jua kali ndipo inapolipuka rangi. Mmea wa kiburi kweli.

Baharia Mstaafu:
Simbamarara! Lakini mpe mchoraji picha ya kuigiza, maana ni mnyama wa Asia, huku kwetu hayuko, atakuchorea paka wa Marikiti. Milia ya mmoja haifanani na ya mwengine, ni kama alama za vidole. Wahindi huwatega kwa kamera na kuwatambua kwa hiyo milia. Mwaka 2022 walikadiria wako 3,682 nchi nzima. Wa visiwa vya Bali na Java walishatoweka.

Tena kule Sundarbans, mpakani mwa India na Bangladesh, kwenye mikoko kama yetu ya Tudor ila isiyo na mwisho, humrukia mtu kwa nyuma. Miaka ya 1980 watu wanaoingia msituni kurina asali walipewa vinyago vya uso wa mtu, wakavivaa kisogoni. Mnyama akiona macho yamemkodolea, anasita. Basi weka uso mzima hapo nyuma, bodaboda waache kukubusu bampa.

Mpiga Honi wa Majengo:
Bodaboda wa Buxton haogopi lori, ataogopa turubai?

Fundi Brashi:
Kazi yangu hii. Waridi huchujuka haraka kwa jua letu, mwakani boganvilia yako itakuwa rangi ya maziwa. Simbamarara ana nafuu: turubai ni jeusi, kwa hivyo milia haipakwi. Napaka machungwa tu, milia naiacha turubai lenyewe. Rangi ikifa, milia ipo. Hata yeye mwenyewe ukimnyoa manyoya, ngozi ina milia vilevile.

Binti Kuze:
Umnyoe wewe.

Mpiga Honi wa Majengo:
Mke amesoma yote, amecheka hapo kwa kunyoa. Kisha akanikumbusha kwamba pesa ya mchoraji yatoka kwenye mahamri yake. Kwa hivyo ni boganvilia, na miiba yake. Fundi Brashi, mkebe mdogo wa waridi wa kurudishia mwakani ni pesa ngapi?