"Boda" ni nini hasa, na neno lilitoka wapi?

Wa Langoni: Jana nimemshika bibi yangu mkono njia ya Wiyoni, tukakuta ubao mpya wa rangi ya mkono: BODA MWISHO HAPA. Bibi akasimama. "Mpaka wa nini huu, mwanangu? Somalia imefika Wiyoni?" Nami sikuona la kumcheka. Hapa Amu, mji wa Lamu, askari akisema anatoka boda, katoka upande wa Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia. Jirani akisema "nipigie boda", ataka pikipiki. Mama akisema "boda kanizidishia nauli", amsema mtu. Neno moja, maana tatu, nalo ndilo lililoandikwa ubaoni. Kwa nini isiandikwe pikipiki?

Fundi Jahazi: Boda ni mlio wa injini tu. Boda-boda-boda, kama moto unavyolia asubuhi ukiwa baridi.

Mwalimu wa Mkomani: Hapana, fundi. Mlio ndio uliozaa neno pikipiki. Boda ni neno la Kiingereza la mpaka. Huko Busia, miaka ya 1960, baina ya forodha ya Kenya na ya Uganda palikuwa na kipande ambacho gari halipiti bila makaratasi. Vijana wa baiskeli wakawavusha watu na mizigo wakiita "boda! boda!", boda hii hadi boda ile. Pikipiki zilikuja nyuma zikarithi jina, kisha ulimi ukachoka ukabakisha nusu. Kwa hivyo bibi ndiye aliyeusoma ubao kwa maana yake ya asili.

Abiria wa Mokowe: Malaba hiyo, si Busia. Na ni miaka ya tisini, nakumbuka.

Mwalimu wa Mkomani: Unalokumbuka ni pikipiki, ndugu yangu. Baiskeli zilitangulia. Hizi zetu zilijaa baada ya 2008, kodi ilipoondolewa kwa pikipiki ndogo.

Mama Shela: Busia, Malaba, yote mamoja. Ni neno la bara, limeshushwa na basi pamoja na viazi. Malindi walilipokea mapema, na ndiyo maana Kiswahili chao kimekwisha.

Wa Maweni, Malindi: Mama, hapo umenichoma. Babangu alibeba watu kwa baiskeli Malindi kabla sijaanza shule. Mji mzima ulimwita boda, nasi tukala na kusoma kwa jina hilo. Ni Mgiriama wa hapa hapa, hakushushwa na basi lolote. Kiswahili kimekwisha kwa nani?

Mama Shela: Babako sikumtaja, Mungu amzidishie. Nasema neno. Sisi twasema nti, mato, ndia, moya, kwa nchi, macho, njia, moja. Mwanangu akisema "ndia" darasani, asahihishwa: njia! Akisema "boda", hakuna amkatazaye. La nyanya yake ni kosa, la Busia ni sawa. Hilo ndilo liniumalo.

Mwalimu wa Mkomani: Mimi husahihisha, na leo najuta. Lakini leso unayojifunga ni Kireno, na meza unayolia pia.

Mama Shela: Vasco da Gama alifika Malindi 1498. Leso imekaa nasi hata ikatuzika na kutuoza. Boda ina miaka mingapi?

Fundi Jahazi: Na matatu je? Sarafu tatu za senti kumi kumi, ndiyo nauli ya Nairobi ya zamani. Mbona hamkulia?

Boda wa Wiyoni: Mimi ndiye boda mwenyewe. Neno halinisumbui limetoka wapi. Linanisumbua likisemwa "we boda, ndoo!", yaani njoo, na mtu ambaye mwanawe nampeleka chuoni kila siku, na jina langu halijui. Tena ule ubao mnaobishania herufi zake umewekwa kutuzuia tusiingie mjini. Hilo hamkuliuliza.

Wa Langoni: Kaka, umesema haki juu ya jina. Lakini mjini ukuta na ukuta hupishana punda mmoja. Mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001. Pikipiki itapita wapi?

Boda wa Wiyoni: Mgonjwa wa usiku naye apite wapi? Punda amwamshe nani?

Mama Shela: Mkokoteni upo. Na boti ipo.

Boda wa Wiyoni: Saa nane za usiku, maji yakiwa yamekupwa?

Abiria wa Mokowe: Mimi bado nasema Malaba.

Wa Maweni, Malindi: Mama Shela, hujanijibu. Baiskeli ya babangu ilikuwa na mto wa sponji kwenye karia, umeshonwa kwa kitambaa chekundu. Mamangu ndiye aliyeushona. Abiria wa kwanza kuukalia alikuwa mama wa Lamu aliyeshuka basi na kikapu cha samaki, akamwambia baba, "Boda, nipeleke pole pole." Alilisema yeye, mtu wenu.