Naomba ushauri: panya kwenye mpunga, na mzee anataka kuweka waya wa umeme

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Nimeolewa Indonesia, kijijini wilaya ya Ngawi, Java Mashariki. Huku maisha ni mpunga: ukivunwa huu unapandikizwa mwingine, shamba halipumziki, kwa hiyo panya nao hawakosi chakula. Wanachimba mashimo kwenye kingo za majaruba na kukata mashina usiku, hasa mpunga ukibeba mimba. Asubuhi pembeni unaona kijani kama kawaida, ukiingia katikati pamebaki vipara.

Tumeweka sumu, wakaanza kuikwepa. Wanakijiji tumetoka pamoja na majembe na moshi wa salfa mashimoni. Walipungua, kisha wakarudi, maana mashamba hayapandwi kwa wakati mmoja.

Sasa baba mkwe anataka kuzungushia shamba waya wa umeme usiku. Ndugu zangu, hapa Ngawi na jirani zetu wa Sragen watu wameshakufa kwa nyaya hizo, wakiwemo wenye mashamba wenyewe. Naogopa sana, watoto wa jirani hupita kwenye kingo hizo hizo. Mkwe huku habishani na mzee, na mume wangu amenyamaza.

Mliolima Mbarali, Kilombero au Mwea: uzio wa nailoni wenye mitego chini unafaa kweli kwa shamba lisilofika ekari moja? Na mzee nimwambie vipi, au nimpitishie nani, bila kumvunjia heshima?