Cheti cha kosher kwa mafuta ya parachichi: OU ya New York, Beth Din ya Johannesburg, au rabi binafsi?

Mkamuaji_Muranga

Wakuu, habari za leo. Tuna kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya parachichi hapa Murang'a, na pembeni tuna laini ya makadamia. Nyingine tunauza mbichi, nyingine tunazikaanga na kutia chumvi. Mnunuzi mmoja wa New Jersey amezipenda sampuli za mafuta, ila anataka cheti cha kosher, yaani cha kuthibitisha kuwa chakula kinaruhusiwa na sheria ya Kiyahudi, kabla kontena la kwanza halijaondoka Mombasa. Halali tunayo, FSSC 22000 (cheti cha usalama wa chakula) tunayo. Hii ya kosher ndiyo ngeni kwetu.

Mezani nina njia tatu:

1. OU (Orthodox Union) ya New York, shirika la Kiyahudi lenye ile alama ya U ndani ya duara. Ndiyo ghali kuliko zote, na fomu zake ni ndefu.
2. Beth Din, yaani mahakama ya kidini ya Kiyahudi, ya Johannesburg. Mkaguzi anatoka karibu, nauli na malazi yake yanapungua.
3. Rabi anayefanya kazi peke yake, tumeletewa na dalali. Bei yake ni ndogo sana. Alama yake ni herufi K tupu, na anasema hana haja ya kuja, orodha ya malighafi na picha za mitambo zinamtosha.

Nielewesheni tofauti yake. Na kuna jambo linanitatiza: mafuta yenyewe ni ya tunda. Hakuna nyama, hakuna maziwa. Cheti ni cha nini?

---

BiLadha_NJ

Ndugu Mkamuaji, mimi nipo huku huku New Jersey, kwenye kiwanda cha vionjo, na karibu kila wiki napokea vyeti vya kosher vya wauzaji wetu. Nianze na kosa ninalolisikia sana hata kwa watu wasomi: rabi habariki chakula. Hakuna dua inayosomwa juu ya pipa. Kazi yake ni ukaguzi wa makaratasi na mitambo, kama mkaguzi mwingine yeyote, ila kanuni anazozifuata ni za sheria ya Kiyahudi.

Utaratibu uko hivi. Unawapelekea orodha ya kila kitu kinachoingia kiwandani, pamoja na jina la aliyekitengeneza. Ofisini kwao kuna rabi anayesimamia faili lako, anapitia kimoja kimoja. Vingine vinapita bila masharti, kwa mfano chumvi. Vingine vinakubalika kama tu vimetoka kwa mtengenezaji fulani mwenye cheti kinachotambulika. Kisha anakuja mkaguzi wa kiwandani, anaitwa mashgiach, anatazama mitambo na kufuata mabomba. Mkikubaliana mnaingia mkataba wenye orodha mbili: malighafi zilizoruhusiwa na bidhaa zilizoidhinishwa. Baada ya hapo atakuwa anarudi, na mara nyingi bila taarifa. Ukibadilisha muuzaji wa kitu chochote, hata kama kitu ni kilekile, unawaandikia kwanza.

Sasa swali lako la kuchagua. Bidhaa yako si ya rafuni, ni malighafi ya mtu mwingine. Mnunuzi wako ataitia kwenye mayonezi au mchuzi wa saladi, na yeye ana shirika lake la kosher. Shirika hilo ndilo litakalokikubali au kukikataa cheti chako. Kwangu mimi hapo ndipo penye jibu. Kabla hujalinganisha bei, mwandikie mnunuzi umuulize: shirika lenu linakubali vyeti vya nani? Cheti cha bei nafuu kisichokubalika na mashirika makubwa ya kosher ya huku, OU, OK, Star-K au KOF-K, hakitakufikisha popote.

---

Kericho_Majani

Nakazia hapo kwa BiLadha. Na usilipie usichokihitaji. Chai nyeusi isiyo na kionjo mashirika haya huikubali bila cheti chochote. Makadamia mbichi zisizotiwa kitu nazo hali ni hiyo. Ukiikaanga makadamia, au chai ukaitia kionjo cha maembe, hapo ndipo habari inabadilika. Orodhesha bidhaa zako moja moja, usiombe cheti cha kiwanda kizima kwa woga.

---

Mkamuaji_Muranga

Asanteni. Lakini bado: parachichi lina kosa gani?

---

FundiBoila_Changamwe

Kijana wangu, parachichi halina kosa. Shida iko kwenye chuma na mvuke.

Sheria yao inasema chombo kilichopika kitu kwa moto kimefyonza ladha yake, na kitairudisha kwenye kitu kingine cha moto. Ni kama sufuria ya dagaa ukiipikia uji. Kiwango cha joto kinachowahusu huanzia karibu nyuzi 45 za Selsiasi. Sasa niambie, rojo la parachichi mnalipasha hadi nyuzi ngapi kabla ya kulipeleka kwenye mashine ya kutenganisha? Viwanda vingi hufanya kazi kwenye 45 hadi 50. Kwa hiyo umeshaingia kwenye hesabu.

Mitambo ikiwa ni ya parachichi tu tangu iliponunuliwa, jambo ni dogo. Mkiwa mliinunua kuukuu, mkaguzi atauliza ilikuwa inafanya nini. Tatizo kubwa zaidi ni mafuta yaliyosafishwa, kwa sababu mitambo ya kuondoa harufu hutumiwa na mafuta ya aina nyingi, na duniani kuna viwanda vinavyopitisha mafuta ya mimea leo na mafuta ya wanyama kesho kwenye mtambo uleule.

Halafu boila. Hapa watu wengi hushangaa. Mvuke unapasha tanki, unapoa, unakuwa maji ya moto, na kwa ajili ya kuokoa mafuta ya kuendeshea na dawa za maji tunayarudisha kwenye boila. Kama boila moja inahudumia laini ya maziwa au nyama na laini yako, mvuke ule unazunguka kote kote. Nimewahi kumwona mkaguzi akiacha laini nzima ya uzalishaji, akaenda nyuma ya kiwanda, akashika bomba la maji yanayorudi, akalifuata kwa mkono mpaka kwenye tanki la boila. Aliuliza maswali kuhusu bomba hilo kuliko kuhusu bidhaa. Kabla hawajafika, chora ramani yako ya mvuke, unapokwenda na unaporudi.

Chombo kikiwa na historia mbaya, kinasafishwa kwa utaratibu wao: kioshwe kabisa, kikae saa 24 bila kutumika, kisha maji yanayochemka yapite kila mahali bidhaa inapogusa, mwenyewe mkaguzi akisimamia. Tanuri na sinia zilizopata moto mkavu zinahitaji moto mkali, wakati mwingine wa kupuliza. Biskuti za Oreo zilipofanywa kosher Marekani miaka ya 1990, matanuri marefu yaliyokuwa yameoka biskuti zenye mafuta ya nguruwe yalisafishwa kwa moto wa namna hiyo.

Usisahau usafirishaji. Lori la tanki lililobeba mafuta ya ng'ombe wiki iliyopita litaharibu mafuta yako safi. Kwa kontena, mfuko mpya wa plastiki wa kutumika mara moja, ule wa kutandazwa ndani ya kontena la futi 20, unamaliza mjadala. Mapipa mapya ya lita 200 pia.

---

Mkamuaji_Muranga

Shikamoo mzee, na nashukuru sana. Boila yetu inahudumia parachichi na makadamia tu. Mashine tulizinunua mpya. Kuna vimeng'enya tunatia kwenye rojo kuongeza mafuta, na mafuta tunayosafisha tunatumia asidi ya sitriki. Haviandikwi kwenye lebo. Hivyo navyo?

---

BiLadha_NJ

Hivyo ndivyo hasa. Lebo haina maana kwao, wao wanatazama kila kinachogusa bidhaa. Vimeng'enya hukuzwa kwenye chakula cha vijidudu, na chakula hicho kinaweza kuwa na asili ya maziwa au ya mnyama. Mwombe muuzaji cheti chake cha kosher, wakubwa wote wanavyo. Asidi ya sitriki ni rahisi kwa mwaka mzima, ila kwa Pasaka ya Kiyahudi wanauliza imechachushwa kutokana na nini, maana ngano, shayiri na jamaa zake zinapigwa marufuku siku hizo, na Wayahudi wenye asili ya Ulaya wengi huepuka hata mahindi. Ndiyo maana vyeti vingine vina neno Passover au herufi P, vingine havina. Muulize mnunuzi kama anaihitaji hiyo. Usijitolee.

Orodha ya vitu vinavyowakosesha usingizi ni hii: glisirini, stearati, jelatini, rangi nyekundu ya wadudu iitwayo kamini, vimeng'enya vya jibini, kitu chochote cha zabibu, na vionjo. Glisirini ya mawese na glisirini ya mafuta ya ng'ombe ukizipima maabara hutaona tofauti. Kinachozitofautisha ni karatasi na mtu aliyekwenda kuona.

---

Juakali_K

Kwa nini mnamtisha mwenzetu? Rabi ni rabi. K ni kosher. Kiasi kidogo kikiingia bahati mbaya si wanasamehe?

---

BiLadha_NJ

Ndugu Juakali, msamaha upo, lakini una mipaka. Kitu kisichoruhusiwa kikimwagika kwa bahati mbaya na kikawa chini ya sehemu moja kati ya 60, kwa kawaida hakiharibu. Lakini huwezi kukitia kwa makusudi ukategemea hesabu hiyo.

Kisa cha Coca-Cola kinaeleza vizuri. Rabi Tobias Geffen wa Atlanta alionyeshwa viungo vya soda hiyo kwa sharti la kutunza siri. Akakuta glisirini ya mafuta ya wanyama. Kiasi chake kilikuwa kidogo mno, chini kabisa ya ile sehemu ya 60. Akakataa, kwa sababu ilitiwa kwa kukusudia. Kampuni ikabadili, ikatumia glisirini ya mafuta ya pamba na nazi, na mwaka 1935 akaandika uamuzi wake kuwa inafaa. Nakitaja pia kwa sababu najua wenye viwanda wanaogopa kutoa mchanganyo wao. Mashirika makubwa yamezoea kutunza siri, na mkataba unaliandika hilo.

Kuhusu K: herufi tupu haiwezi kusajiliwa kuwa alama ya biashara ya mtu. Wapo wenye usimamizi mzuri nyuma ya K, sikatai, lakini mnunuzi lazima aulize kila mara ni K ya nani. U ndani ya duara imesajiliwa, ina mwenyewe, na ukiichapisha bila ruhusa unashtakiwa. OU walianza kazi hii na maharage ya Heinz mwaka 1923, na leo wako katika nchi zaidi ya 100. Rabi anayetoa cheti cha mafuta bila kuja kuona boila wala mashine, kusema kweli mimi simkubali, na kiwanda chetu hakimkubali.

---

Ustadh_Ukaguzi_Dar

Assalaam alaykum. Naongezea upande wa halali, maana naona wengi wanadhani ukiwa na kimoja umekipata kingine. Mimi ni mkaguzi wa halali, na viwandani maswali yetu hufanana sana na yao: asili ya glisirini, jelatini, vimeng'enya, usafi wa mitambo. Nguruwe sote tunamkataa. Baada ya hapo njia zinaachana.

Sisi tunasimama sana kwenye kileo. Dondoo la vanila (vanilla extract) kwa viwango vya Marekani kina alkoholi isiyopungua asilimia 35, kwetu ni mjadala mzito. Kwao alkoholi ya miwa haina tatizo, ya zabibu ndiyo yenye tatizo, kwa sababu divai na maji ya zabibu lazima vishughulikiwe na Wayahudi wanaoshika Sabato. Ngamia na sungura kwetu halali, kwao hapana. Kamba na kaa wengi wetu tunakula, wao samaki lazima awe na mapezi na magamba. Na kutenganisha nyama na maziwa, ile ya Kutoka 23:19 ya mwanambuzi na maziwa ya mama yake, kwetu haipo kabisa. Ndiyo maana vyeti vyao vinaonyesha kama bidhaa ni ya maziwa, ya nyama, au pareve, yaani si huku wala kule. Mafuta yako yatakuwa pareve, na hilo lina thamani kwa mnunuzi, kwa sababu anaweza kuyatia kwenye chochote.

Faili lako la halali lisitupwe. Barua za asili ya malighafi ulizokusanya zitakusaidia nusu ya kazi. Tahadhari moja: pareve si kipimo cha mzio. Mwenye mzio wa maziwa asome lebo ya vizio, asitegemee neno hilo.

---

Mkamuaji_Muranga

Wakuu, nimemwandikia mnunuzi kama mlivyoshauri. Amejibu kuwa shirika lake ni mojawapo ya yale makubwa, na kwamba cheti cha Johannesburg kimeshawahi kupita kwao kwa mafuta ya mimea, ila wataliangalia faili kabla ya kuthibitisha. Huyo wa dalali wamemkataa papo hapo. Kwa hiyo naegemea Johannesburg, kwa mafuta ghafi na yaliyosafishwa. Makadamia mbichi nazitoa kwenye ombi, za kukaanga nitaziongeza mwakani. Nipate uthibitisho wa maandishi kwanza?

---

BiLadha_NJ

Ndiyo, kwa maandishi, na utaje bidhaa kwa jina lilelile litakaloonekana kwenye cheti, ankara na pipa. Kama cheti kinasema "mafuta ghafi ya parachichi" na pipa limeandikwa jina la kibiashara tu, mzigo utasimama ghalani huku tukitafutana kwa barua pepe. Angalia pia tarehe ya mwisho, kwa kawaida vyeti hivi ni vya mwaka mmoja.

---

FundiBoila_Changamwe

Na kama una mpango wa kukodisha mitambo msimu wa parachichi ukiisha, wajulishe kabla ya kusaini. Mgeni mmoja akiingiza bidhaa yake kwenye matanki yako, mtasimama saa 24 na kuchemsha maji upya, na nauli ya mkaguzi ni juu yako.

---

Mkamuaji_Muranga

Kuna jirani alikuwa ameomba kupitisha siagi ya karanga yenye unga wa maziwa mwezi wa kumi na moja. Naongea naye leo.