Beatrice Medicine: je, mtafiti aweza kuwachunguza jamaa zake?

Mdadisi: Wanajukwaa, nasoma habari za Beatrice Medicine, mwanaanthropolojia Mlakota, yaani wa jamii mojawapo ya wenyeji asilia wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1923 huko Wakpala, katika Standing Rock, eneo lililotengewa wenyeji hao, South Dakota. Alipata shahada ya uzamili mwaka 1954, lakini ya uzamivu aliipata mwaka 1983. Je, muda huo wote alikuwa akifanya nini? Na mtu aliyewatafiti jamaa zake mwenyewe, tumwamini kwa kiasi gani?

Mwalimu Mstaafu: Ndugu Mdadisi, alikuwa akifundisha, tena katika vyuo vikuu vingi, vikiwamo Stanford na Dartmouth, huku akimlea mwanawe. Isitoshe, mwaka 1974, waliposhtakiwa wanaharakati wenyeji asilia walioshiriki kukalia kijiji cha Wounded Knee kuipinga serikali, alitoa ushahidi wa kitaalamu mahakamani, katika shauri lililouhusu mkataba wa Fort Laramie wa 1868 kati ya serikali ya Marekani na Walakota. Sioni kwamba ukosefu wa cheti ulimzuia kufanya kazi ya maana.

Binti Nahodha: Swali la pili ndilo zito, ila naona lingeanza kuulizwa kwa wageni. Watafiti wa zamani walizungumza zaidi na wanaume, wakaandika juu ya wapiganaji na wawindaji, na wanawake wenyeji wa nyanda za kati za Amerika Kaskazini wakabaki pembeni. Mwaka 1983 Medicine na mwanaanthropolojia mwenzake Patricia Albers walihariri kitabu kilicholirekebisha jambo hilo. Halafu itazame kazi yake kuhusu pombe, iliyotoka kama kitabu mwaka 2007 baada ya kifo chake: wakati wengi walikuwa wakiuliza kwa nini Walakota wanakunywa, yeye alitaka pia kujua walioacha waliachaje. Swali hilo, kwa maoni yangu, humjia kwa urahisi zaidi mtu anayeishi na wahusika.

Mwalimu Mstaafu: Nakubaliana nawe, ingawa kuwa jamaa wa unaowatafiti nako kuna gharama, kwa kuwa mgeni huchapisha akaondoka, ilhali mwenyeji atakutana na aliowaandika kila msiba na kila sherehe. Ella Deloria, mtafiti Mdakota (jamii ndugu na Walakota) aliyekulia papo hapo Standing Rock na kufanya kazi na mwanaanthropolojia mashuhuri Franz Boas, alilijua hilo kabla yake, na Medicine aliandika makala juu yake. Tofauti ni kwamba Deloria hakupata nafasi ya kudumu chuoni. Medicine aliipata, akastaafu kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la California, Northridge, kisha akarudi Standing Rock, alikosaidia juhudi za kujenga shule ya Wakpala.