Karantini iliisha, mimi bado nanong'ona

Kifundo (mwenye uzi)
Wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni mwanamke, nampenda mwanamke mwenzangu, na nyumbani hawajui. Karantini ya 2020 ilinikuta kwa wazazi baada ya chuo kufungwa. Kuficha nimezoea, ila zamani kulikuwa na saa zake: naficha nyumbani, nikitoka napumua. Ghafla nikawa naficha tangu naamka hadi nalala. Mpenzi wangu nilimseva "Fundi Bomba", na nikiongea naye nafungulia maji bafuni. Fundi gani anapigiwa simu saa tano usiku? Bahati nzuri hakuna aliyeuliza.

Sasa nimepanga chumba changu, lakini nikimpigia sauti inashuka yenyewe. Mlango ukigongwa moyo unaenda mbio, simu naigeuza kifudifudi hata kama nilikuwa naangalia hali ya hewa tu. Usingizi ni wa mang'amung'amu. Mwenzangu anadhani namwonea aibu. Je, huu ni ugonjwa? Na nikienda kwa mshauri nasaha, naanzia wapi?

Nesi_wa_Zamu
Pole mdogo wangu. Kumpenda mwanamke si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1990. Hizo dalili nyingine ndizo za kushughulikia, na zina maelezo. Mwaka 2003 mtafiti Ilan Meyer aliandika kuhusu msongo wanaoubeba walio wachache: juu ya shida za kila mtu, kuna kubaguliwa, kukaa ukitarajia kubaguliwa, kujificha, na kuanza kujichukia. Kinachopunguza uzito ni kuwa na watu wanaokujua ulivyo. Karantini ilikuongezea kujificha na papo hapo ikakunyang'anya watu hao. Mwili ukajifunza kulinda mlango, na haujaambiwa kwamba zamu imeisha.

Kwa mshauri anza na usingizi na moyo kwenda mbio, useme vilianza lini. Kabla hujataja mapenzi, muulize: "Ninayosema yanaandikwa wapi, na nani anayasoma?" Akibabaika, au akisema anaweza kukubadilisha, chukua mkoba wako uondoke. Na ukiwahi kuwaza kujidhuru, usingoje miadi. Tafuta mtu siku hiyohiyo.

Mbishi_Halisi
Sote tulifungiwa. Watu walifiwa, wakapoteza kazi. Kwa nini hawa wawe na uzi wao?

Mzee_Kofia
Mbishi, umefungiwa pamoja na nani, hapo ndipo penye tofauti. Na wengine hata kutoka kulikuwa shida. Panama, Aprili 2020, wanaume walipangiwa siku zao za kutoka na wanawake zao. Waliobadili jinsia wakasimamishwa na polisi siku yoyote waliyotoka: sura inasema hivi, kitambulisho vile. Seoul nako, Mei mwaka huohuo, maambukizi yalihusishwa na klabu za mtaa wa Itaewon, magazeti yakatangaza kuwa baadhi ni za mashoga. Watu wakaogopa kupima, maana majibu yangewaumbua kazini. Jiji likaruhusu kupima bila jina, namba ya simu tu, wakajitokeza. Unaona hofu ya kujulikana inavyogeuka kuwa hatari kwa wote, hata kwako wewe?

Mimi ni shoga wa makamo ya kuitwa babu. Miaka ya themanini nilizika marafiki kwa UKIMWI, wengine ndugu zao hawakuja. Korona ilipoingia na redio ikaanza kusoma idadi ya waliokufa kila jioni, niliacha kula. Daktari alinitibu tumbo. Hakuna aliyeniuliza nimewahi kumzika nani.

Kifundo
Pole sana babu. Nesi, tatizo jingine: mshauri niliyempata ni wa video tu, na ukuta wa jirani ni mwembamba.

Nesi_wa_Zamu
Mwombe mzungumze kwa maandishi. Wengi walijifunza kufanya hivyo wakati wa karantini, kwa sababu hiyohiyo. Au vaa visikizi, tembea nje, yeye aulize maswali ya ndiyo na hapana. Mwenzako naye mtumie hayo uliyoandika juu, asome mwenyewe. Kwa mdomo utaishia kujitetea.

Mbishi_Halisi
Mzee, lile la Seoul sikulijua. Hao wa Panama, waliruhusiwa mwishowe kutoka siku ipi?